Mwongozo kamili: kukagua kiwanja au nyumba Kigamboni kabla ya kutoa hata shilingi

Wengi wanaojutia kununua Kigamboni hawakudanganywa bei. Walikagua vibaya. Walikwenda Jumamosi, kiangazi, kwa gari la dalali, maji yakiwa yamekupwa na ufukwe umetanuka kama uwanja wa mpira. Kisha wakahamia, wakakutana na Jumatatu, masika na bamvua, yale maji ya bahari yanayojaa kupita siku nyingine, kwa mpigo.

Mwongozo huu umepangwa kwa hatua zinazofuatana. Hatua za mwanzo hazina gharama kubwa na ndizo zinazoondoa viwanja vibaya mapema. Za mwisho zinahitaji fedha za wataalamu, kwa hiyo usizianze kabla ya kiwanja kufaulu zile za mwanzo. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa Mbweni, Kunduchi au Bagamoyo, lakini mifano yote ni ya Kigamboni.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye GPS na programu ya ramani inayoonyesha picha za satelaiti za miaka iliyopita.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la Bandari ya Dar es Salaam.
- Tepu ya kupimia ya mita 50 na mtu wa kukushikia upande wa pili.
- Kipimo cha mkononi cha chumvi ya maji, kile kinachosoma TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini. Maduka ya vifaa vya kuchuja maji huwa nacho.
- Koleo au jembe, ndoo mbili, rula na chupa safi tatu za nusu lita.
- Nakala ya hati au nyaraka zozote alizonazo muuzaji. Akikataa kukupa nakala, ukaguzi umeishia hapo.
- Siku nne zisizofuatana: moja ya kazi, moja ya bamvua, moja ya mvua kubwa na moja ya kuzunguka maofisini.

## Hatua ya 1: Amua unanunua kwa ajili gani, kisha chagua ukanda

Kigamboni si mahali pamoja. Eneo la Feri na Tungi lina watu wengi, nyumba za kupanga na biashara ndogondogo, na ukishuka kivukoni umefika. Mjimwema, Kibada na Geza Ulole ndiko kwenye viwanja vingi vilivyopimwa na familia zinazojenga za kuishi. Ukiendelea kusini, Mbutu, Mwasonga, Kimbiji hadi Pemba Mnazi, ardhi ni kubwa na bei hushuka, lakini huduma nazo hupungua.

Anayetaka kodi ya kila mwezi aangalie ukanda wa kwanza na wa pili, maana mpangaji hufuata usafiri. Anayetaka kuishi na watoto wa shule aanzie Kibada na Mjimwema. Kimbiji kwa sasa ni ya mwenye subira: fedha ikae miaka mingi bila kuhitajika.

Tahadhari. Usinunue kwa bei ya mradi ambao haujakamilika. Mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni uliwafunga watu mikono kwa miaka bila kujua wajenge au wahame, na majengo ya mradi wa nyumba wa Dege yalisimama yakiwa magofu. Barabara ambayo bado haina lami, au soko lililobaki kwenye mchoro, thamani yake kwenye hesabu yako iwe sifuri.

## Hatua ya 2: Safiri kama mkazi

Siku ya kazi, kuwa kwenye kiwanja saa 11:30 alfajiri. Toka hapo uende kazini kwako kwa njia ambayo utaitumia kweli: bodaboda hadi barabara kuu, daladala, kisha kivuko au daraja. Jioni rudi. Andika dakika za kila kipande, si jumla tu, kwa sababu kipande kibaya kwa kawaida ni kimoja.

Kivuko kina foleni mbili, ya watembea kwa miguu na ya magari, na haziendi sawa. Siku ambayo chombo kimoja kiko kwenye matengenezo, foleni ya magari ndiyo huumia. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, huondoa foleni ya maji lakini lina tozo, na linakutoa Kurasini, si Posta.

Zidisha gharama ya siku kwa 22 upate ya mwezi. Kisha weka njia ya pili: kivuko kikisimama, daraja linakuongezea muda na fedha kiasi gani?

Umefaulu ikiwa gharama ya mwezi ya usafiri, ukiijumlisha na mkopo au kodi yako, bado haizidi unachokilipa mjini sasa. Ikizidi, bei nafuu ya kiwanja imekwisha kuliwa na barabara.

## Hatua ya 3: Itazame bahari ikiwa kwenye bamvua

Hii inahusu kila kiwanja kilicho chini ya mita 300 kutoka ufukweni, pamoja na vile vya pembeni mwa mikono ya bahari.

Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Dar es Salaam, siku hizo maji hujaa karibu na saa 10 jioni na hukupwa karibu na saa 4 asubuhi, tofauti ya kimo ikipita mita 3. Sasa fikiria dalali anayekupeleka saa 4 asubuhi siku ya bamvua: unaona mchanga mpana kuliko siku nyingine yoyote. Saa sita baadaye mawimbi yako chini ya minazi. Bamvua kubwa kuliko zote huangukia miezi ya Machi na Septemba. Ukiweza, ngojea mojawapo.

Fanya hivi:

1. Fika saa 9 alasiri siku ya bamvua. Subiri maji yafike mwisho.
2. Weka alama pale yalipoishia. Mstari wa majani makavu ya bahari na takataka ulio juu zaidi ya hapo unaonyesha mahali maji yalipofika siku mbaya kuliko hii.
3. Kutoka kwenye mstari huo wa juu, pima kwa tepu hadi mpaka wa kiwanja, kisha hadi mahali unapotaka kujenga.
4. Tazama ukingo wa ufukwe. Minazi iliyolala, mizizi iliyo wazi, ukuta wa zamani uliokatika na kubaki majini, mifuko ya mchanga iliyopangwa na jirani: hizo ni dalili kwamba bahari inakula nchi kavu.
5. Fungua picha za satelaiti za miaka 10 au 15 iliyopita. Chagua kitu kisichohama, kama kona ya nyumba ya zamani, pima umbali wake hadi ukingo wa majani wakati ule na sasa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kiwanja chenye kina cha mita 80 kinachogusa mchanga kinaweza kukuachia mita 20 tu za kujenga. Wauzaji wengi hupima bei kwa mita zote 80. Wewe pima kwa hizo 20.

Mikoko ni hifadhi ya misitu ya serikali. Kiwanja chenye mikoko hai, au visiki vilivyokatwa karibuni, kiache. Anayekuambia ataisafisha kabla ya kukabidhi anakuuzia kesi.

## Hatua ya 4: Mvua na udongo

Rudi ndani ya saa 24 baada ya mvua kubwa ya masika, kati ya Machi na Mei. Kama huwezi kungoja, soma kuta za majirani: mstari wa matope kwenye plasta, vizingiti vya mlango vilivyoinuliwa matofali mawili au matatu, vyoo vilivyojengwa juu ya ngazi. Watoto wanaochota maji huwa na majibu ya kweli kuliko mwenye nyumba anayetaka kuuza na yeye.

Kisha chimba mashimo mawili.

La kwanza ni la kujua maji ya ardhini yako wapi. Kina mita 1.5, lichimbwe siku ya bamvua asubuhi, uliangalie jioni maji yakiwa yamejaa baharini. Maji yakionekana ndani ya shimo, shimo la kawaida la maji taka litafurika. Utahitaji karo lililojengwa na kuzibwa vizuri, na gari la kunyonya litakuwa mgeni wako wa mara kwa mara.

La pili ni la kujua udongo unanywa maji kwa kasi gani. Upana sentimita 30, kina sentimita 60. Lijaze maji, liache lilale usiku mmoja ili udongo ushibe. Asubuhi weka maji ya kimo cha sentimita 15, pima yanashuka kiasi gani kwa nusu saa.

Yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, una mfinyanzi. Shimo la kunywesha maji taka halitafanya kazi. Yakizama kwa dakika chache, una mchanga mtupu. Hiyo inapendeza machoni, lakini maana yake ni kwamba uchafu wa karo la jirani nao unakimbia hivyohivyo kuelekea kisima chako. Acha walau mita 30 kati ya kisima na shimo lolote la maji taka, pamoja na ya majirani. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 hilo haliwezekani, kwa hiyo hapo panga kutumia maji ya bomba.

Kosa la kawaida hapa ni kupima bila kulaza maji usiku. Udongo mkavu hunywa haraka na kukupa jibu la uongo.

## Hatua ya 5: Maji ya kunywa na ya kuoshea

Uliza majirani watatu, si mmoja: bomba la DAWASA lipo kwenye mtaa huu au liko barabara kuu? Maji hutoka siku ngapi kwa wiki? Omba kuona bili ya karibuni. Mita iliyofungwa ukutani bila bili ni pambo.

Chota sampuli kwenye visima vitatu vilivyo karibu na kiwanja, kimoja upande wa bahari na viwili upande wa bara. Pima TDS:

- Chini ya miligramu 600 kwa lita: ladha nzuri.
- Kati ya 600 na 1,000: yanavumilika.
- Zaidi ya 1,000: ladha ya chumvi inaanza kukera, na mabomba ya chuma na hita za maji zitaoza mapema.

Kipimo hiki hakionyeshi vijidudu. Maji ya TDS 300 yanaweza kuwa na kinyesi. Kwa kisima utakachokinywea, peleka sampuli maabara.

Kupima Mei tu hakutoshi, kwa sababu mvua huongeza maji matamu juu ya yale ya chumvi. Kisima kilicho kizuri Mei kinaweza kugeuka Februari, hasa majirani wanapofunga pampu kubwa na kuvuta maji ya bahari kuja ndani. Mwulize mwenye kisima: chai hubadilika ladha mwezi gani? Swali hilo hupata jibu haraka kuliko kuuliza habari ya chumvi.

## Hatua ya 6: Nyaraka

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa usiharakishwe na mtu yeyote anayesema kuna mteja mwingine anakuja mchana.

Tambua umeshikishwa karatasi gani. Hati miliki, ya miaka 33, 66 au 99, ndiyo yenye nguvu. Barua ya toleo ni hatua ya kuelekea hati. Leseni ya makazi ni ya muda. Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba watu wawili waliuziana. Hauthibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza.

Fanya upekuzi rasmi. Kwa kiwanja chenye hati, omba kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa Msajili wa Hati, ukilipa kwa control number, yaani namba ya malipo ya serikali. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki, na zuio lolote lililowekwa. Usikubali majibu yaliyoletwa na muuzaji au dalali, hata yawe na mihuri mitano. Omba mwenyewe au kupitia wakili wako.

Linganisha mambo manne: jina kwenye upekuzi, jina kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya kiwanja na kitalu kwenye ramani ya upimaji, na sura ya mtu aliye mbele yako.

Nenda ofisi ya mipango miji ya Manispaa ya Kigamboni na namba ya kiwanja. Uliza matumizi yaliyopangwa. Viwanja vya wazi, vya shule na vya ibada huuzwa kila mwaka kwa watu wasiouliza. Uliza pia hifadhi ya barabara: kwa barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kwa kila upande, na nyumba iliyo ndani ya hapo hupigwa alama ya X ya kubomolewa.

Soma masharti ya hati. Kwa kawaida yapo yanayotaka uendeleze ndani ya miezi 36. Kiwanja cha kwenye hati ya mwaka 2009 ambacho bado ni kichaka kinaweza kubatilishwa. Angalia pia deni la kodi ya pango la ardhi. Deni huifuata ardhi, haliondoki na muuzaji.

Mke, mume, warithi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, nawe itake kwa maandishi. Kama mwenye mali amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa mahakama ya mwanzo utaonyeshwa Fomu Namba 4. Maneno "familia yote tumekubaliana" si fomu.

Aliye ughaibuni na amechukua uraia wa nchi nyingine aelewe kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa jina lake isipokuwa kwa uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji; marekebisho ya mwaka 2025 yameweka nafasi kwa wenye asili ya Tanzania walio na hadhi maalumu, kwa hiyo uliza masharti yake kwanza. Kununua kwa jina la kaka au shangazi kunamfanya kaka au shangazi awe mmiliki. Ongea na wakili kabla ya kutuma hela.

Umefaulu ikiwa upekuzi ni safi, matumizi ni makazi, hakuna deni, na kila mwenye haki amesaini mbele ya wakili.

## Hatua ya 7: Pima ardhi yenyewe

Kwenye skwata, yaani maeneo yasiyopimwa, utaambiwa kiwanja ni "20 kwa 20". Uliza: ishirini za nini? Dalali akitembea hatua 20, na hatua yake ni sentimita 75, umepata mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225 badala ya 400. Karibu nusu imebaki mdomoni.

Kwa kiwanja kilichopimwa, tafuta bikoni zote, zile alama za mipaka zilizosimikwa ardhini, na usome namba zake, ulinganishe na ramani. Bikoni hung'olewa na kuhamishwa, hivyo mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa azithibitishe kwa vifaa vyake. GPS ya simu hukosea mita kadhaa. Inatosha kujua uko kwenye kiwanja sahihi, haitoshi kuamua ukuta upite wapi. Majirani wa pande zote wawepo siku hiyo.

## Hatua ya 8: Kama unanunua nyumba iliyokwisha jengwa

Chumvi ya hewani ndiyo fundi mbaya wa pwani. Angalia:

- Nguzo na lenta. Ufa ulionyooka kufuata nondo, wenye rangi ya kutu, unaonyesha nondo zimevimba ndani. Kupaka rangi hakutibu. Gonga kwa nyundo ndogo. Sauti ya utupu maana yake zege limeachana na nondo. Zege la karibu na bahari linataka nondo zifunikwe milimita 40 hadi 50, na mchanga wa ufukweni usitumike kabisa.
- Kuta za chini. Unga mweupe na plasta inayopukutika hadi usawa wa goti ni unyevu unaopanda kwa kukosa nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi.
- Bati. Panda dari na tochi. Kutu huanzia kwenye misumari na kwenye maungio, si katikati ya bati.
- Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, nyumba nzima ikiwa imechakaa. Uliza kilichofichwa.

Upande unaotazama bahari huchakaa kwanza, kwa hiyo anzia huko.

## Hatua ya 9: Hesabu

Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 120, jengo likiwa milioni 80, inayopangishwa kwa 500,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 6. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu: 5,500,000. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10: 4,950,000. Toa matengenezo ya pwani, weka asilimia 1.5 ya thamani ya jengo, yaani 1,200,000. Umebaki na 3,750,000, kama asilimia 3 tu ya fedha uliyoweka, na bado hujalipa pango la ardhi wala mlinzi. Linganisha na riba ya hatifungani za serikali kabla hujajiita mwekezaji. Anayenunua Kigamboni kwa kodi ya nyumba peke yake mara nyingi anabahatisha. Faida, ikija, huja kwa ardhi kupanda bei.

Gharama za kuhamisha nazo ziingie kwenye bajeti: ushuru wa stempu asilimia 1, uthamini, wakili, na kodi ya ongezeko la mtaji. Hiyo ya mwisho ni ya muuzaji, lakini wauzaji huitupa kwa mnunuzi. Andikeni kwenye mkataba nani analipa. Dalali wa skwata huomba asilimia 10. Zungumza naye kabla hajakuonyesha chochote. Mtaa nao wakidai asilimia zao, omba control number na risiti; visipokuwepo, usilipe.

## Hatua ya 10: Malipo na baada yake

Lipa kwa benki, kwa akaunti yenye jina lililo kwenye hati, kwa awamu. Awamu kubwa itoke baada ya muuzaji kusaini fomu za uhamisho, ambazo ni Fomu za Ardhi namba 29, 30 na 35, na mwenzi wake kusaini ridhaa. Bakiza angalau sehemu moja ya kumi hadi kodi zake zilipwe na uhamisho uidhinishwe. Bei iwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Fanya upekuzi mara ya pili asubuhi ya siku ya malipo makubwa. Zuio linaweza kuwekwa kati ya upekuzi wa kwanza na siku hiyo.

Ukishakabidhiwa, zungushia nguzo na waya ndani ya wiki hiyohiyo, weka kibao chenye namba ya kiwanja, jitambulishe kwa mjumbe na majirani, na uwaachie namba ya simu inayopatikana. Kiwanja kilichokaa kimya miezi sita huwa kimeshaonyeshwa kwa wateja wengine.